Muuguzi Aliyetuzuia Mlangoni

Wiki iliyopita alizikwa hapa Maskati muuguzi mmoja mstaafu, na tangu msiba huo nina hasira ambayo haijanitoka. Nilipigiwa simu nikiwa gereji, Wadi Kabir, fundi amelala chini ya gari yangu, na aliyenipigia alisema maneno machache tu: Sista amefariki, maziko baada ya sala ya alasiri. Nyinyi wasomaji wa safu hii mnaoishi Unguja, Mombasa na Dar hamkumjua, na hata hapa kwetu wengi waliopita mikononi mwake hawakulijua jina lake, maana hospitali nzima ilimwita Sista, utadhani hawakuwapo masista wengine. Alikuwa ameugua figo kwa muda mrefu na sote tulijua anakoelekea, kwa hiyo kifo chenyewe hakikunishtua. Kilichonikasirisha ni yale niliyoyasikia siku ya pili ya msiba, nikiwa nimekaa na wanaume wenzangu kwenye majlisi, ukumbi wa msikiti, kahawa ikizunguka.

Alikuja mkurugenzi wake wa zamani, ambaye naye ni mstaafu sasa. Akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akakaa, akakohoa, akaanza kumsifu marehemu. Alisema Sista alikuwa mtu wa nidhamu, mpole, na kwamba kwa miaka yote aliyofanya naye kazi hakumsikia hata siku moja akipandisha sauti mbele ya wakubwa wake. Watu wakaitikia, Mungu amrehemu. Mimi nikainamia kikombe changu nisije nikasema neno la kuwaaibisha wafiwa. Sista alipandisha sauti. Mara moja, mbele ya mlango wa idara ya dharura, kwenye jua la saa tano, mbele ya watu wasiopungua hamsini, alimpandishia sauti bwana huyu huyu, na mimi nilikuwepo. Kwa sababu hiyo aliondolewa kwenye kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote, akapelekwa kusimamia mashuka na foronya mpaka alipostaafu. Kumsifu leo kwa ukimya ni kumnyang'anya jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na sikubali anyang'anywe na kaburi lake halijakauka.

Nilimfahamu katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetumwa kuandika habari za hospitali za mji huu, nikaambiwa nimtafute yeye. Nilimkuta mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, akimfokea dereva aliyeegesha gari mbele ya mlango wa wagonjwa. Aliposikia Kiswahili changu alicheka. Yeye alizaliwa Tabora na kusomea uuguzi Dar es Salaam, na sisi wa asili ya Unguja tulizoea kumtania kuwa Kiswahili chake kina vumbi la bara. Naye akitujibu kuwa chetu kimelowa chumvi mpaka hakieleweki. Mezani pake palikuwa na faili la kijani, na ndani yake mpango alioutunga mwenyewe katika nyakati za mapumziko, akila sambusa kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine: hospitali ifanye nini siku watakapoletwa majeruhi wengi kwa mpigo. Basi likipinduka, kiwanda kikishika moto kule Rusayl, meli ikivujisha sumu bandarini. Alinieleza kwa saa nzima bila ya kusimama.

Jambo la kwanza katika mpango ule lilikuwa amri. Siku ya balaa, alisema, watu hawafi kwa kukosa madaktari tu, wanakufa kwa sababu kila mmoja anatoa amri yake, au kwa sababu hakuna anayethubutu kutoa. Kwa hiyo awepo mtu mmoja, na avae kizibao chekundu ili aonekane na kila mtu. Mtu huyo si lazima awe mkurugenzi. Ni yule mkubwa wa zamu aliyepo pale saa ile, awe daktari au muuguzi, na kizibao kitabaki kwake mpaka mwenyewe akikabidhi kwa ridhaa yake. Nikamwuliza itakuwaje bosi wake akifika. Alinitazama juu ya miwani. "Akifika atauliza, nisaidie wapi? Akiambiwa ashike machela, atashika machela. Asiyeweza kuuliza hivyo siku hiyo akae nyumbani kwake."

Jambo la pili lilikuwa maji. Mtu aliyemwagikiwa na sumu asipite mlangoni kabla hajavua nguo zote na kuoshwa kwa sabuni, kwa sababu nguo ile inaendelea kumsumisha, na mvuke wake unawaangusha wanaomhudumia. Hilo limo katika vitabu vyote vya kazi yao, lakini Sista aliwajua watu wake zaidi ya alivyovijua vitabu. Alijua kuwa mwanamume wa kwetu, hata akiwa anakata roho, hatavua dishdasha yake, kanzu ya huku, hadharani, na kwamba jamaa zake watamfunika hata wakikatazwa. Basi akaomba mapazia mazito ya kuzungushia mahali pa kuogeshea, upande wa wanawake na upande wa wanaume, na akaomba mawizari, zile shuka zetu za kujifunga kiunoni, yawekwe sandukuni pale pale mlangoni ili mtu avue na kujistiri papo hapo. Kamati ilicheka. Mjumbe mmoja aliuliza kama hospitali inafungua hammamu, nyumba ya kuogea. Mapazia alipewa baada ya barua nyingi. Mawizari alinyimwa, akenda mwenyewe soko la Mutrah akayanunua, akayafua na kuyakunja.

Kisha likafanywa zoezi la kuujaribu mpango huo, na hapa naanza kujikasirikia mimi mwenyewe. Zoezi lilitangazwa wiki mbili kabla. Lilipigwa hema, yakatandikwa mazulia, ikaletwa halwa na kahawa, akaalikwa mgeni rasmi. Wanafunzi wa uuguzi walipakwa rangi nyekundu wakalazwa kwenye machela wakijibana wasicheke. Mkurugenzi ndiye aliyevaa kizibao chekundu, juu ya dishdasha iliyopigwa pasi ikasimama, akapigwa picha akinyoosha kidole. Mpira wa maji haukufunguliwa, kwa kuwa mgeni rasmi angerushiwa maji na mazulia yangelowa. Wanafunzi waliambiwa waingie upande mmoja wa pazia na watokee upande wa pili, wahesabiwe kuwa wameshaoshwa. Sista alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Mimi nilikula halwa, nikenda nikaandika makala ya kurasa mbili kwamba hospitali iko tayari kwa lolote.

Siku makala ilipotoka alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nilimwona mtu hata mmoja aliyelowa. Nikacheka, nikamwambia mambo ya sherehe ndivyo yalivyo, watu wameshauelewa mpango. "Walichokielewa ni kizibao cha nani," alisema. "Hicho ndicho walichojifunza jana, na watakikumbuka." Nilimwona ni mtu wa kulalamika tu.

Siku yenyewe ilifika mwanzoni mwa miaka hii ya elfu mbili, katika ule mwezi ambao hata kitasa cha mlango hakishikiki kwa joto. Katika ghala moja la dawa za kilimo Wadi Kabir, foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, iliangusha mapipa ya dawa ya kuulia wadudu wa mitende, yakapasuka, wafanyakazi wanne wakalowa. Mwenye ghala alikuwa ofisini kwake. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alikimbilia ndani kuwavuta watu wake, akateleza, akalowa kifuani mpaka miguuni. Mzee huyo alikuwa mjomba wangu, kaka wa tumbo moja na mama. Walipakiwa wote watano nyuma ya pikapu moja, na karani wake akanipigia simu, nami nikafika hospitalini dakika chache baada ya wao kuteremshwa.

Sista ndiye aliyekuwa mkubwa wa zamu. Nilimkuta mlangoni amevaa kizibao chekundu juu ya sare yake, mlango umefungwa nyuma yake, walinzi wawili wamesimama, wagonjwa wengine wanapitishwa geti la upande wa pili. Sauti yake haikuwa ya haraka. Wale wafanyakazi wanne walikuwa tayari nyuma ya pazia, nguo zao zimetupwa kwenye pipa, mpira wa maji unawapiga, nawasikia wakikohoa na kutapika. Hakuna aliyewauliza kama wanaona haya, ni watu wa kuja kutafuta riziki, wakiambiwa vua wanavua. Mjomba alikuwa amesimama peke yake mbele ya pazia, dishdasha imemganda mwilini, inanuka kitunguu thomu na mafuta ya taa. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi na alikuwa anayafuta kwa kilemba.

"Baba yangu, ingia nyuma ya pazia uvue," Sista alimwambia. "Atakuosha mwanamume, mimi sitakutazama. Wizari safi lipo."

"Nnavua nini mbele ya watu hawa?" mjomba alisema. "Mimi sina kitu. Watazameni watu wangu."

Alimwomba tena, na mara ya tatu. Kisha akanigeukia mimi, akasema yeye ni mgeni kwake na mimi ni damu yake, nimwambie mimi avue, maana kila dakika ile nguo inamla. Nilielewa kila neno. Nilikwishaelezwa habari za maji na nguo kwa saa nzima, niliziandika kwenye daftari langu mwenyewe. Lakini nilimtazama mjomba wangu, mtu ambaye watu humwinukia akiingia, amesimama juani akisubiri zamu nyuma ya vibarua wake, nikaona haya kwa niaba yake. Nikafanya kile tunachokifanya sote katika mji huu mtu wetu anaposimamishwa mlangoni. Nilitafuta wasta, mkubwa wa kutufungulia. Nilitoa simu nikampigia mkurugenzi.

Alishuka mara moja, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa ghorofani pale pale. Alimjua mjomba, walikuwa wakikutana kwenye maharusi. Akasema ni aibu kubwa mzee kama huyu kuachwa juani, apitishwe mlango wa pembeni, apelekwe chumba cha wageni maalumu, na daktari bingwa aitwe kutoka nyumbani kwake. Sista alisogea akaziba njia. Na hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Daktari, hapiti mtu hapa na nguo hizi. Leo amri ni yangu. Ukitaka kusaidia, mshikie pazia."

Mkurugenzi akamwambia taratibu, "Kivue hicho kizibao, Sista." Hakukivua. Lakini walinzi hawakuangalia kizibao, walimwangalia mkurugenzi, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa siku ile ya hema na halwa, na wakafungua mlango wa pembeni. Mimi ndiye niliyemshika mjomba mkono nikamwingiza. Ngozi ya kiganja changu iliwaka siku mbili.

Chumba kilikuwa kizuri. Kilikuwa na zulia, na kiyoyozi, na madirisha yamefungwa yote. Mjomba alikalishwa kwenye kochi, akapewa maji, na hakuna aliyethubutu kumwambia avue kwa sababu mkurugenzi mwenyewe hakumwambia. Tulikuwa tunamsubiri bingwa. Muuguzi aliyeletwa kumpima, binti wa Kihindi, alianza kutokwa na jasho na mate, akasema haoni vizuri, akaanguka miguuni pangu. Mjomba akajaribu kuinuka amsaidie, na pumzi zikamkatikia hapo hapo. Walipoikata ile dishdasha kwa mkasi na kuanza kumtia dawa, mwili wake ulikuwa umeshashiba sumu. Alifariki kabla ya adhana ya alasiri. Muuguzi yule alilazwa muda mrefu, akapona, akarudi kwao Kerala wala hakurejea tena. Wale wafanyakazi wanne, waliovuliwa na kupigwa na mpira wa maji nyuma ya pazia, waliondoka hospitalini kwa miguu yao wiki ile ile. Huenda mjomba angekufa hata angeoshwa, alikuwa mzee na alilowa zaidi. Daktari niliyemwuliza baadaye hakuthubutu kuapa. Lakini hakupewa nafasi waliyopewa vibarua wake, na alinyimwa nafasi hiyo kwa ajili ya heshima yake.

Kamati ya uchunguzi iliandika kwamba palikuwa na upungufu wa mawasiliano. Ndivyo tunavyoandika tunapotaka kosa lisiwe na mwenyewe. Sista akahamishiwa kwenye mashuka. Huku kwetu, katika familia, habari ilizunguka kwa namna nyingine kabisa: kwamba mzee alikufa kwa sababu muuguzi mmoja mkali, mtu wa bara, alimsimamisha juani na kumdhalilisha mbele ya watu. Sijui nani aliianzisha. Najua nani angeweza kuizima, naye alikaa kimya. Miaka miwili baadaye, kwenye harusi moja, Sista alimwendea mama yangu kumsalimia, na mama akaurudisha mkono wake ndani ya buibui. Mke wangu aliyaona hayo upande wa wanawake akanisimulia njiani tukirudi. Anasema Sista akenda kukaa peke yake akala. Mama alifariki mwaka juzi na chuki ile moyoni, na mimi mwanawe sikumwambia kitu.

Mara moja tu Sista alikuja kuniomba. Alikuja ofisini kwangu, akakataa chai, akasema niandike. Nisitaje jina lake, nisitaje la mkurugenzi, niseme tu kwamba walioshwa wakapona, na asiyeoshwa akafa. Nikamjibu kwa yale maneno yetu mazuri, kwamba maiti ana stara yake, kwamba haifai kuyafukua, kwamba familia bado ina majonzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyekufa keshastirika kwa Mola wake," alisema. "Mimi ninamtaka yule atakayeletwa kesho."

Nilimwahidi nitalifikiria. Nimelifikiria kwa miaka yote hii, nikaandika juu ya bei za samaki, na barabara mpya, na vijana wasiojua Kiswahili. Alinisoma kila wiki, nimeambiwa na mwanawe msibani. Alikuwa akifungua gazeti ukurasa huu kwanza. Sijui alikuwa akitafuta nini humu, na ninaogopa najua.

Leo hospitali zetu zina majengo mapya ya vioo na mitambo ambayo Sista hakuiota. Mipango ya dharura imo, imepigwa chapa kwa rangi, imetiwa kwenye fremu ukutani karibu na lifti. Sina ugomvi na fremu. Ugomvi wangu ni na sisi tunaopita chini yake. Tunachukulia amri kuwa ni cheo, kitu anachotembea nacho mkubwa popote aendapo, na hatuamini kwamba mwanamke wa zamu, mwenye mshahara mdogo na viatu vilivyolika, anaweza kwa saa moja kuwa juu ya kila mtu kwa kuwa tu ndiye anayejua la kufanya. Tunafanya mazoezi kwa ajili ya wageni. Mtu akitukatalia kwa haki tunatafuta simu. Nasi tunaliita jambo hilo heshima, tunawarithisha watoto wetu, na akifa yule aliyetukatalia tunakwenda kusema kwamba alikuwa mpole.

Hakuwa mpole. Alikuwa sahihi, na alikuwa peke yake. Wewe uliye mkurugenzi mahali popote, siku yule wa chini yako atakapokwambia hapana mbele ya watu, uso utawaka, nami siwezi kukusaidia kwa hilo. Uache uwake, lakini umuulize umsaidie wapi. Na wewe msomaji wangu, siku utakayofikishwa pale mlangoni, wewe au mzee wako, ukaambiwa uvue, vua. Usiniambie kuwa una haya, na usimpigie simu mtu yeyote.

Jamaa zangu mtakaolisoma hili na kukunja uso, mnajua ninapokaa. Mjomba hakuuawa na jua, wala na mwanamke wa Tabora. Mlango ule ulifungwa ili apone, na mimi ndiye niliyeomba ufunguliwe.